Mwanahisabati na Masomo ya Pamoja

Aghalabu mwaka wa masomo unapoanza katika Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, karibu na jiji la Nakuru, husikika lalamiko lile lile. Mwanafunzi aliyesajiliwa kusomea hisabati huuliza: stadi za mawasiliano, elimu ya UKIMWI na kozi nyinginezo za aina hiyo zanihusu nini mimi?

Jibu rahisi ni la mpangilio. Kozi za hisabati hufuatana kama vidato vya ngazi. Huwezi kuruka kalkulasi ukaivamia aljebra ya juu. Masomo ya pamoja kwa kawaida hayategemeani hivyo, na kwa sababu hiyo mwanafunzi huyapuuza akidhani kuwa yatangoja. Yakija kumkuta mwaka wa nne, ratiba zinagongana na mazoezi ya kufundisha yanamwita shuleni. Kozi moja iliyodharauliwa yatosha kumzuia kuhitimu. Wa kulaumiwa ni nani, ikiwa mtu anayefunzwa kupanga namba hakupanga mihula yake?

Lakini hoja yenye uzito zaidi ni ya lugha. Chukua sentensi hii: “Wanafunzi wote hawakufaulu.” Je, hakuna hata mmoja aliyefaulu, au wapo waliofaulu na wapo walioanguka? Kiswahili kina njia ya kuondoa utata huo: “Si wanafunzi wote waliofaulu.” Tofauti hiyo ndogo ndiyo roho ya uthibitisho wa kihisabati, kwani anayekanusha dai la “wote” anahitaji mfano mmoja tu wa kinyume, ilhali anayedai “hakuna” ana kazi kubwa zaidi. Nimewaona vijana wanaoandika alama hizo bila kosa, kisha wakashindwa kuzisoma kwa sentensi moja iliyonyooka.

Jambo hili si la chuoni pekee. Mnamo 2025 serikali ilitangaza kwamba hisabati itakuwa ya lazima katika sekondari pevu, hata kwa wanafunzi wasiochagua mkondo wa sayansi. Watakaowafundisha vijana wa Molo, Subukia na Rongai ni hawa hawa wahitimu wa Njoro, Laikipia na Kabarak. Mtoto aliyependelea sanaa hatavutwa na ubao uliojaa alama. Atamhitaji mwalimu anayeweza kueleza.

Sisi wahadhiri nasi tuna lawama. Kozi hizi hufundishwa katika kumbi zilizofurika, kwa mifano ambayo haimgusi mwanahisabati hata kidogo. Mbona tusimwagize aeleze, katika ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu na bila alama yoyote, kwa nini namba tasa hazina mwisho? Euclid aliieleza kwa maneno ya Kigiriki zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na alama tunazozitumia leo hazikuwepo.