Egerton, Tupeni Shahada ya Biashara na Sayansi ya Michezo

Kwa Naibu Chansela na Seneti,
Chuo Kikuu cha Egerton,
Njoro.

Waheshimiwa,

Jioni ya tarehe 26 Juni 2025, Faith Kipyegon aliingia uwanja wa Charléty jijini Paris kujaribu jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya: kukimbia maili moja chini ya dakika nne. Wadhibiti kasi walipangwa mbele na nyuma yake ili wamkingie upepo. Vazi na viatu vyake viliundwa mahsusi kwa jaribio hilo. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 na ushei. Muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi, kwa kuwa masharti ya mashindano ya kawaida hayakufuatwa. Rekodi yake rasmi ya maili ni ile ya Monaco ya mwaka 2023, dakika 4 na sekunde 7.64. Lakini Nike, walioandaa jaribio lile, walifanya utafiti na kutangaza bidhaa zao kwa mpigo mmoja. Mkimbiaji alikuwa wetu, aliyekulia Keringet, Kuresoi Kusini. Maabara na soko vilikuwa vya Marekani.

Mimi ni mwalimu wa Somo la Biashara katika shule ya upili, na masomo yakiisha huwa kocha wa riadha. Nawaomba mwanzishe shahada moja inayofundisha biashara na sayansi ya michezo kwa pamoja.

Nasema kwa pamoja kwa sababu najua jibu la haraka litakuwa kwamba kozi zipo. Ni kweli. Biashara mnaifundisha nyinyi wenyewe, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kimefundisha sayansi ya michezo kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba mwanariadha hagawanyiki hivyo. Wakala hulipwa asilimia ya kile anachopata mkimbiaji, kwa hiyo kila mwaliko wa mbio una faida kwake. Mhitimu wa biashara anaweza kuupiga hesabu mwaliko huo mpaka senti ya mwisho asijue kwamba mwili uliotoka kwenye marathon unahitaji miezi, si wiki, kabla ya kurudi kwenye marathon nyingine. Mwenzake wa sayansi ya michezo atamwambia mkimbiaji apumzike, na ushauri wake utakuwa sahihi, ila hajui kwamba kuna kifungu kwenye mkataba kinachopunguza malipo ya mdhamini iwapo mkimbiaji hatashiriki mbio fulani, wala kwamba kuna mkopo wa shamba unaosubiri kulipwa. Msichana wa miaka 20 anabaki katikati akiamua peke yake.

Chukueni suala la ujauzito. Mwaka 2019 wakimbiaji wa Marekani, Allyson Felix na Alysia Montaño miongoni mwao, walieleza hadharani jinsi wadhamini walivyopunguza malipo ya wanawake waliopata watoto. Mwaka huohuo Nike ikabadilisha mikataba yake na kuweka kinga ya miezi 18. Kwa nini 18 na si 12? Mwili unahitaji muda gani kurejea kwenye kasi ya zamani bila kuumia? Anayejadili kifungu hicho kwa niaba ya binti wa Kuresoi lazima awe anaujua mwili na karatasi pia. Faith mwenyewe alijifungua mwaka 2018, akarudi, akatwaa dhahabu ya Olimpiki Tokyo na nyingine Paris. Wapo wasiorudi, na hao hatuwataji.

Kuna pia jambo ambalo familia nyingi hazilielewi mpaka limewafika. Mkimbiaji aliye kwenye orodha ya kupimwa dawa za kututumua misuli hutakiwa kutaja, kwa kila siku ya mwaka, mahali alipo na saa moja ambayo atapatikana hapo bila kukosa. Tuseme ameandika Keringet saa kumi na mbili asubuhi. Usiku anapigiwa simu kwamba kuna kambi Nyahururu, anapanda matatu alfajiri, simu haina chaji. Afisa anabisha mlango, mama anasema hayupo. Hitilafu tatu za namna hiyo ndani ya miezi 12 huhesabiwa kosa, hata kama hajawahi kumeza kitu. Mwaka 2022 Kenya iliponea chupuchupu kufungiwa riadha ya dunia kwa sababu ya dawa hizo, na serikali ikaahidi kutoa dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano kupambana nazo. Fedha hizo zinahitaji watu waliosoma wa kuzifanyia kazi kambini.

Samuel Wanjiru wa Nyahururu alikuwa na miaka 21 aliposhinda marathon ya Olimpiki Beijing mwaka 2008 kwa saa 2:06:32. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 24. Sisemi shahada ya mtu yeyote ingemwokoa. Nasema kijana wa umri ule, akiwa na jina na fedha kiasi kile, alistahili kuwa na watu wenye ujuzi karibu naye.

Wakenya waliounganisha mbio na masomo tunao. Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, alisomea Marekani hadi uzamifu, akarudi kuwa profesa Kenyatta. Patrick Sang, kocha wa Eliud Kipchoge na wa Faith, alisoma Chuo Kikuu cha Texas. Wote walivuka bahari. Mtoto wa Molo asilazimike.

Nanyi hamuanzi patupu. Biashara mnayo, lishe mnayo, sayansi za afya mnazo na hospitali ya rufaa ya Nakuru ndipo wanafunzi wenu wa udaktari wanapojifunzia. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwinuko ambao wakimbiaji wa Ulaya hulipa nauli kuufuata. Mafunzo ya nyanjani yako mlangoni: kambi za Kuresoi, uwanja wa Afraha, klabu ya raga ya Nakuru iliyotwaa Kombe la Kenya mwaka 2013 na 2014, na Safari Rally ya Naivasha, iliyorudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021. Lord Egerton alipoanzisha shule hii mwaka 1939 aliijenga juu ya kile eneo hili lilikuwa likizalisha, yaani kilimo. Siku hizi eneo linazalisha wanariadha pia.

Najua fedha za vyuo vya umma ni haba na wahadhiri wamegoma mara kwa mara kudai haki yao. Kwa hiyo anzeni kidogo, kwa walimu mlio nao. Ila msituletee kozi ya ubaoni isiyo na maabara. Mwanafunzi akabidhiwe mkimbiaji mmoja amfuate msimu mzima, damu yake, mkataba wake, kodi yake. Ratiba iwaruhusu wanariadha wenyewe kusoma, wasiadhibiwe kwa kuitwa timu ya taifa. Aliyeshindwa kufikisha C+ kwa sababu alikuwa akiikimbilia shule yake afunguliwe njia ya kupitia stashahada.

Mwaka huu wa 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi limeingia Gredi ya 10. Wapo waliochagua mkondo wa Sanaa na Michezo, lakini Somo la Biashara limewekwa kwenye mkondo mwingine, wa Sayansi za Jamii. Watabisha lango lenu mwaka 2029. Kuandaa kozi na kuifikisha mbele ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu huchukua muda. Tafadhali liwekeni jambo hili kwenye ajenda ya Seneti mwaka huu, na mtuite makocha na wanariadha tuje kutoa maoni. Tutakuja.

Wenu mwaminifu,
Mwalimu na kocha wa riadha,
Kaunti ya Nakuru.