Tuhesabu Mipira ya Watoto Wetu

Ndugu zangu wa Busia zote mbili, wa Malaba na wa Tororo,

Mtazameni mchezaji wenu wa voliboli akivaa jezi. Akianza kwa kuupenyeza mkono wa kulia polepole bila kuuinua, huenda bega lile linauma, hata akiwaapia kuwa ni mzima. Watoto wetu huficha maumivu kwa sababu wanajua anayelalamika huachwa basi linapoondoka kwenda mashindanoni.

Huku mpakani mwa Kenya na Uganda shida inazidi. Mtoto anapiga sevu shuleni wiki nzima, Jumamosi anavuka ng'ambo kuchezea timu ya mtaa, jioni yuko shambani na jembe. Mwalimu anajua mipira ya shule, kocha wa mtaa anajua yake, mama anajua jembe. Jumla haijulikani kwa yeyote.

Na bega hilo bado linakua. Asilimia 80 hivi ya urefu wa mfupa wa juu wa mkono hukulia upande wa begani, penye gegedu ambalo kwa vijana wengi halijakomaa wakiwa sekondari. Likivutwa kila siku bila kupumzika, huumia. Kulichua kwa nguvu hakulitibu, na kumpa mtoto vidonge ili acheze nusu fainali ni kumziba shahidi mdomo.

Kuhesabu mipira si mambo ya matajiri. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, hapo njiani tu kwenda Kampala, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto kule Marekani. Kanuni za mashindano yale hazimruhusu mrushaji wa miaka 11 au 12 kuvuka mipira 85 kwa siku. Akifikisha 66, anapumzika siku 4.

Walimu wa michezo wa pande zote mbili, kutaneni kabla ya muhula mkubaliane viwango vyenu. Kila mchezaji awe na daftari linalovuka naye mpaka: sevu, marusho, siku za kupumzika. Timu za mtaa, msimchezeshe asiye nalo. Wazazi, siku ya mechi mpunguzieni jembe na madumu ya maji. Bega likichomoka, asilivute mtu yeyote uwanjani, hata awe fundi wa kusifika; fungeni mkono kifuani kwa leso, mpelekeni hospitali iliyo karibu, iwe ya Kenya au ya Uganda.

Daftari ni bei ya soda. Linunueni kabla shule hazijafunguliwa.