Mtoto Anapotuaibisha Mbele ya Watu



Hakuna jamaa katika mtaa wetu wa Kenya isiyolijua jambo hili. Misa ya Jumapili imefika wakati wa mageuzo, kanisa zima limenyamaza, na ndipo mtoto wa miaka mitatu auliza kwa sauti kuu kama padri atakula peke yake. Au ni karamu ya ndoa: mtoto asimama katikati ya wageni na kutangaza kwamba kitenge alichovaa mama ni cha kuazima. Au ni kilio: wanawake wanaomboleza, wanaume wamekaa kimya kuuzunguka moto, naye mtoto acheka, achezea maua ya jeneza, auliza ni lini kambo ataamka. Macho yote yawageukia wazazi. Mama aona uso unamwaka. Baba atazama juu, kana kwamba hajui mtoto huyo ni wa nani.

Yafaa tujiulize kwanza: ni nani aliyeona haya pale? Si mtoto. Haya humjia mwanadamu polepole, kama meno. Aliyeona haya ni mzazi, na kofi linalofuata, tukisema kweli, mara nyingi halipigwi kwa faida ya mtoto. Lapigwa kwa ajili ya jirani wa benchi la nyuma, apate kuona kwamba sisi tu watu wa adabu. Na matokeo yake? Mtoto alia zaidi, kelele yazidi mara mbili, naye hakujifunza neno ila kwamba kanisa ni mahali pa kupigwa.

Kanisa lenyewe halikumhukumu. Mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi, alipowafungulia watoto wadogo mlango wa Komunyo, alitaja umri wa miaka 7 hivi kuwa ndio umri mtoto aanzapo kutumia akili. Kitabu cha sheria za Kanisa cha mwaka 1983 chafuata njia ile ile: asiyetimiza miaka 7 hahesabiwi kuwa mwenye kujitawala, wala sheria zilizowekwa na Kanisa hazimfungi. Basi mtoto aliyepiga kelele wakati wa mageuzo hakuvunja amri yoyote. Jirani wa benchi la nyuma amepata wapi mamlaka ya kumhukumu?

La, sisemi kwamba tumwache afanye kila apendalo. Adabu ni kitu cha kufundishwa, lakini yafundishwa kabla ya safari, nyumbani. Wasalesiani, waliofika hapa mwaka 1911, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, walituletea mafundisho ya Mtakatifu Yohane Bosko. Katika kijitabu alichokiandika mwaka 1877 juu ya njia ya kuzuia makosa, mtakatifu huyo aliagiza kwamba mtoto asionywe wala kuadhibiwa mbele ya wenzake, isipokuwa mara chache sana, bali faraghani. Naye hakuwa na watoto wawili au watatu kama baadhi yetu. Alikuwa na mamia ya wavulana wa Torino, wengi wao wenye vichwa vigumu kupita vya wanetu.

Kuzuia ni nini? Kwanza ni chakula. Zipo jamaa zinazomnyima mtoto wa miaka miwili uji wake kwa sababu ni siku ya Misa, kana kwamba yeye naye anakwenda kukomunika! Kisha wanashangaa mbona analia tangu somo la kwanza. Tarehe 12 Januari 2014, Baba Mtakatifu Fransisko alipokuwa akibatiza watoto 32 katika kanisa dogo la Sisto huko Vatikani, aliwaambia akina mama wawanyonyeshe watoto wenye njaa pale pale bila kuogopa. Lifaalo Vatikani laweza kufaa na Kenya.

Pili ni mahali pa kukaa. Wengi wetu hujificha nyuma pamoja na watoto, ili wakileta fujo tusionekane. Lakini huko nyuma mtoto aona nini? Migongo. Mtu mzima naye angechoka. Mketishe mbele, kando ya njia, aone mishumaa, ngoma, na watumishi wa altare. Katika parokia zifuatazo taratibu ya Misa iliyothibitishwa na Roma mwaka 1988 kwa ajili ya majimbo ya nchi yetu, ambayo siku zile iliitwa Zaire, watumishi hucheza kuizunguka altare wakati wa Utukufu. Mwache mtoto naye apige makofi na kutikisa mabega. Aliyecheza wakati wa Utukufu atakaa vizuri zaidi wakati wa mahubiri, hasa kama mahubiri ni mafupi. (Mapadri wetu watanisamehe.)

Tatu, mtoto aambiwe mapema atakachokiona. Kabla ya kwenda kilioni, mpige magoti, mtazamane macho kwa macho, mwambie: kambo amekufa, yumo ndani ya sanduku, hataamka kama sisi tunavyoamka asubuhi, watu watalia, na mama pia atalia, usiogope. Mtoto aliyeambiwa hivyo hana haja ya kucheka kwa woga. Na ikiwa hata hivyo amezidiwa, atolewe nje polepole, bila kuvutwa sikio, akanywe maji, kisha arudi. Hapa nina neno kwa akina baba. Kwa nini kila mara ni mama anayetoka? Mikono ya mwanamume nayo yaweza kubeba mtoto mbele ya watu.

Na maneno ya mtoto? Yule anayemwuliza mgeni, “Ni wewe ambaye papa husema hulipi deni?” hakulitunga neno hilo. Alilipata mezani, kati ya bukari na sombe. Hapo wa kuonywa ni mwingine.

Sasa nafikia jambo lililonifanya nishike kalamu. Mtoto acheka kilioni, au asema ameota marehemu, au hasikii akiitwa, na mtu mmoja anong'ona: “Mtoto huyu si bure.” Siku tatu baadaye mnong'ono umekuwa shtaka la uchawi. Miongoni mwa watoto walalao barabarani katika miji ya Kongo, wako wengi waliofukuzwa kwao kwa shtaka la namna hii. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto uchawi. Na sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, yampa mshtaki kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini. Yapasa kila jamaa izijue sheria hizi, kwa kuwa mshtaki mara nyingi ni shangazi, au mchungaji fulani atakaye kulipwa kwa maombi yake.

Tarehe 28 Novemba 2018, mvulana mdogo asiyeweza kusema alipanda mbele ya umati huko Vatikani, akamvuta mkono askari, akazunguka kiti cha Baba Mtakatifu. Mama yake alipanda mbio kumchukua. Papa Fransisko alimwambia amwache acheze, kisha akauambia umati kwamba mtoto huyo yu huru. Mvulana kama huyo, angetokea katika kilio cha kwetu, angeitwaje?

Kwa hiyo, mnong'ono ukianza, mzazi asiinamishe kichwa. Amshike mtoto mkono mbele ya wote, aseme, “Huyu ni mwanangu, ni mdogo, anajifunza.” Baba aseme hivyo kwa sauti, maana neno lake husikiwa upesi na wakubwa wa ukoo. Kisha warudi nyumbani, mtoto aogeshwe, ale. Alikuwa ameuliza ni lini kambo ataamka, na hakuna aliyemjibu. Ajibiwe jioni hiyo hiyo, kabla hajalala.