Léopards wametufurahisha, tusiwaharibu kwa sifa

Siku ya yenga, tarehe 16 Novemba 2025, ilikuwa karibu saa sita ya usiku hapa Malemba-Nkulu wakati Chancel Mbemba alipoweka mpira kwenye nukta ya penalti kule Rabat. Kwetu picha zilikuwa zimekatika zamani. Jenereta ilimaliza mafuta ndani ya dakika za nyongeza, na sisi tuliokuwa tumelipa kiingilio katika nyumba ya video tulibaki gizani, tukizunguka radio moja ndogo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona ule mpira ukiingia. Tulisikia mtangazaji akipiga kelele, kisha tukasikia kelele za majirani, kisha za watu wa kule chini kwenye mto. Namna hiyo ndivyo tulivyojua kwamba Kongo imeshinda Nijeria.

Matokeo kila mtu anayajua sasa: 1-1 kiisha dakika 120, na penalti 4-3. Frank Onyeka alitufunga mapema, dakika ya 3. Meschack Elia, ambaye alipita TP Mazembe mbele ya kwenda Ulaya, akasawazisha dakika ya 32. Mwisho kabisa kocha Sébastien Desabre akamtoa kipa Lionel Mpasi na kumwingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti tu, na Fayulu akafanya kile alichoitiwa. Siku tatu nyuma, Mbemba huyu huyu alikuwa amewafunga Kameruni katika dakika za mwisho, 1-0. Kameruni na Nijeria, kwa pamoja, wamecheza Kombe la Dunia mara 14. Sisi tulilicheza mara moja tu, mwaka wa 1974, wakati inchi iliitwa Zaire, na Yugoslavia walitupiga mabao 9 kwa 0.

Basi furaha ni haki yetu, na asiyefurahi aulizwe kama ni mzima. Lakini mshabiki wa Léopards mwenye kumbukumbu anafurahi jicho moja likiwa wazi, kwa sababu ekipe hii tunaijua. Mwaka wa 2017 tulikuwa tunaongoza 2-0 mbele ya Tunisia, nyumbani Kinshasa, mchezo ukaisha 2-2. Tunisia wakaenda Urusi, sisi tukabaki, tofauti ikiwa pointi moja. Katika CAN ya 2019 tulipigwa na Uganda, tukapigwa na Misri, kisha tukawachapa Zimbabwe mabao 4, halafu Madagaska wakatutoa kwa penalti. CAN iliyofuata hatukufika. Ile ya Côte d'Ivoire, mwanzo wa 2024, tulitoka sare mara tatu katika kundi, mtu akasema hawa ni wagonjwa; wagonjwa hao wakawatoa Misri kwa penalti 8-7 na kufika nusu fainali.

Halafu tarehe 9 Septemba mwaka huu, Kinshasa tena. Bakambu akafunga, Wissa akafunga, tuko 2-0 mbele ya Senegali, nafasi ya kwanza ya kundi iko mkononi. Mchezo ukaisha 3-2, washindi ni Senegali. Wavuvi wa hapa wanajua uchungu huo: mtu anavua usiku kucha, mtumbwi unajaa, kisha anapinduka akiwa amekaribia kabisa kufika ngambo.

Usiku ule wa Septemba tulisema mengi. Tulisema kocha afukuzwe. Tulisema wachezaji wa kutoka Ulaya wanakuja kutembea tu. Mimi mwenyewe niliapa mbele ya watu kwamba sitalipa tena hata franka moja kuangalia Léopards, na wale walionisikia ndio waliokuwa pamoja nami siku ya yenga, tumelipa wote. Wananicheka mpaka leo, na wana haki.

Sasa tujiulize kwa ukweli: ingekuwa namna gani kama wakubwa wa mpira wangetusikiliza usiku ule? Kocha mpya angekuja Oktoba, angeanza kujifunza majina ya wachezaji. Badala yake, Desabre, ambaye yuko nasi tangu Agosti 2022, alibaki na kazi yake. Mwezi wa Oktoba ekipe ilikwenda Togo ikashinda 1-0. Siku nne mbele, ikashinda Sudani 1-0. Michezo hiyo miwili haikupendeza macho. Hakuna aliyecheza ngoma, hakuna aliyepiga honi ya pikipiki. Lakini hiyo ndiyo iliyotupatia nafasi ya pili yenye kutupeleka Rabat. Ushindi juu ya Nijeria ulianzia pale, katika usiku mbili ambazo wengi wetu tumekwisha kuzisahau.

Hilo ndilo neno ambalo tunataka kusema leo. Ekipe isiyotulia haitulizwi na ushindi mmoja mkubwa. Inatulizwa na kazi ya kila siku, na watu wanaoachiwa wakati wa kuifanya. Sisi washabiki tumekuwa sehemu ya ugonjwa. Tukipigwa tunataka vichwa vikatwe, tukishinda tunawatawaza kuwa wafalme wa Afrika. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa kwetu, watu wa malafu, tunajua vizuri ladha ya tembo lililotiwa maji.

Na bado hatujafika popote. Rabat imetupa ruhusa ya kwenda kugonga mlango mwingine. Machi 2026, huko Meksiko, inchi sita zitagombania nafasi mbili za mwisho za Kombe la Dunia. Mbele ya hapo kuna CAN ya Moroko, inayoanza tarehe 21 Desemba, na katika kundi letu yuko nani? Senegali. Inawezekana tukapigwa. Siku hiyo ndiyo itapima kama tumejifunza kitu, kuliko hii ya leo ambapo kila mtu ni mshabiki.

Uvumilivu lakini si kunyamaza. Wakubwa nao wana kazi yao, na wasiifanye kwa hotuba. Tangu 2023 FIFA iliweka kamati ya muda kuongoza FECOFA, na ligi yetu, Linafoot, imekwisha kukatika katikati ya msimu kwa ukosefu wa makuta. Safari ya Machi inajulikana toka leo. Ndege, hoteli, mahali pa mazoezi na haki za wachezaji vitayarishwe sasa, si wiki ya mwisho, watu wakikimbizana na mabahasha. Kila mwanasiasa anayetaka kupiga picha na kombe aonyeshe kwanza alichokiweka mezani mbele ya safari.

Tuwaonee pia wachezaji hawa huruma kwa mzigo tunaowabebesha. Februari 2024, mbele ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja ukifunika mdomo na vidole viwili vikielekea kichwani kama bunduki, juu ya ndugu zetu wa mashariki. Mwaka huu, kutoka Januari mpaka Februari, Goma na Bukavu ziliangukia mikononi mwa M23. Msomaji wetu wa huko anajua kuliko sisi kwamba penalti haimrudishi mtu nyumbani kwake. Mpira unaweza kutupa usiku mmoja wa kusema "sisi" bila kuulizana kabila na jimbo. Hilo si dogo. Lakini amani ni kazi ya wengine, na wasijifiche nyuma ya jezi.

Asubuhi ya kiisha mchezo, kwenye mchanga wa Lualaba, watoto walikuwa wanapiga penalti kwa mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba. Kila mmoja alitaka kuwa Mbemba. Hakuna aliyetaka kuwa Nijeria. Wengi wa ekipe hii walijifunza mpira katika vituo vya Ulaya, na si kosa lao, ni watoto wetu. Lakini mtoto wa Malemba-Nkulu aanzie wapi? Hatuombi stadi kubwa. Mashindano ya shule kila mwaka, yenye kuanza na kumalizika kwa tarehe iliyosemwa. Mipira ya kweli. Mwalimu anayebaki na watoto wale wale miaka mitatu, kama Desabre alivyoachwa abaki. Wazazi, masomo, makanisa na wakubwa wa eneo wanaweza kulianza hilo bila kungojea Kinshasa.

Na sisi wa nyumba ya video tujirekebishe pia. Tulijua mchezo unaweza kwenda mpaka penalti, na tulinunua mafuta ya dakika 90. Tumekwisha kukubaliana: kuanzia mwezi huu kila mmoja anatoa franka zake kidogo kidogo, mwenye jenereta anaziandika katika daftari. Machi tunataka kuona mpira mpaka mwisho, tukishinda au tukishindwa.