Wanaodai Tarehe ya Tetemeko

Kuna hoja moja iliyonichosha masikio. Kila ardhi inapotetemeka mahali na watu wakafa, husimama mwerevu mmoja akauliza: hao wataalamu na setilaiti zao walikuwa wapi? Wanapima milima kwa milimita, lakini siku yenyewe hawakuitaja. Basi vipimo vyao ni vya nini? Na wasikilizaji humpigia makofi. Mimi nasema hicho ni kisingizio cha kutojenga imara.

Hebu msomaji tuitazame Nepal, nchi iliyolala juu ya milima ya Himalaya. Tangu 1991 wapimaji wamekuwa wakipigilia vyuma kwenye miamba, kutoka nyanda za kusini hadi upande wa Tibet. Juu ya chuma husimamishwa antena inayopokea mawimbi ya GPS kutoka setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 na ushei juu yetu. Simu yako ikikosea kwa mita tatu au nne haidhuru, nyumbani utafika. Antena ile huachwa pale siku kadhaa, makosa yanayoletwa na hewa na saa yakachujwa, mpaka ibaki shaka ya milimita chache tu. Baada ya miaka watu hurudi kwenye chuma kilekile kuona kama kimesogea. (Siku hizi vituo vingi hupima vyenyewe mwaka mzima, na nadhani magoti ya wapimaji yameshukuru.)

Na vyuma vimesogea. Kusini mwa Tibet na Bara Hindi hukaribiana kwa milimita karibu 20 kila mwaka, upana wa kidole gumba. Lakini linalotisha ni mahali mfinyo huo ulipo. Vilima vya kusini husafiri na Bara Hindi kana kwamba ni kitu kimoja. Karibu mfinyo wote umo katika ukanda mwembamba chini ya milima mirefu. Maana yake ni kwamba ufa mkubwa unaopita chini ya nchi ile umekwama. Kule kwenye kina na joto miamba huteleza polepole, lakini huku juu, kwa upana wa kilomita 100 hivi, imeng'ang'aniana na inajipinda kama upinde.

Hayo yalichapishwa mwaka 1997, miaka 18 kabla ya Jumamosi ya tarehe 25 Aprili 2015. Siku hiyo ufa uliachia kutoka Gorkha kuelekea mashariki, tetemeko la ukubwa wa 7.8. Kituo cha Kathmandu kiliruka zaidi ya mita moja na nusu kwenda kusini. Wakafa watu karibu 9,000.

Je, waliuawa na ukosefu wa tarehe? La hasha. Wengi waliangukiwa na kuta za mawe na udongo. Kanuni za ujenzi wa kustahimili matetemeko zilikuwa zimeandikwa tangu 1994, lakini sehemu nyingi zilibaki karatasi. Madarasa kwa maelfu yalibomoka, na lililowaokoa watoto ni kwamba Jumamosi shule zao hufungwa. Shule zilizokuwa zimeimarishwa mapema katika bonde la Kathmandu zilibaki zimesimama, wala aliyeziimarisha hakuhitaji kujua siku.

Tuseme tarehe ingejulikana. Watu wangelala nje na kunusurika. Hilo nakubali, na si dogo. Lakini kesho yake wangerudi nyumba gani?

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na vyuma vile vinatusomea daftari la madeni. Magharibi mwa Nepal hapajatokea tetemeko kubwa la kulipa deni hilo tangu 1505. Milimita 20 kwa miaka zaidi ya 500 ni mita 10 hivi za mwendo uliolimbikizwa. Mtu anayesoma hesabu hiyo kisha akadai tarehe ndipo aanze kazi, anataka nini hasa? Wataalamu nao wana lao: wamezoea kuandikiana wenyewe kwa wenyewe, kwa lugha ambayo fundi mwashi wa kijijini haimfikii.

Mwezi Novemba 2023 huko magharibi, Jajarkot, tetemeko dogo kuliko lile la 2015 kwa mbali sana liliua watu zaidi ya 150 usiku wakiwa wamelala. Nyumba zilikuwa zilezile za mawe na udongo. Mikanda ya mbao au ya zege inayozunguka nyumba na kuzifunga kuta pamoja inajulikana, na mafundi wanaweza kufundishwa kuiweka. Anayetaka kumhoji mtu kwa ukali akawaulize wanaogawa fedha za serikali ni nyumba ngapi za Jajarkot zimefungwa mikanda hiyo, na nani anamlipia mkulima asiye na uwezo wa kuinunua.