Kabla ya Kumwita Mtoro

Sisi walimu tuna mazoea ya kuwagawa wanafunzi mafungu mawili: wenye bidii na wavivu. Anayekosa masomo mara kwa mara huitwa mtoro, na adhabu humngoja langoni. Watoro halisi wapo, wala sina nia ya kuwatetea. Hata hivyo, nionavyo mimi, daftari la mahudhurio huficha mambo mengi ambayo karipio haliwezi kuyafichua.

Ushahidi hatuna haja ya kuuagiza ng'ambo. Upo papa hapa nchini, katika Busia. Kuanzia mwaka 1998, wanafunzi wa shule 75 za msingi, idadi yao ikiwa zaidi ya 30,000, waliingizwa katika mradi wa dawa za minyoo. Shule hizo ziligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilipata dawa mwaka 1998, la pili mwaka 1999 na la tatu mwaka 2001. Kwa njia hiyo wataalamu wa uchumi Edward Miguel na Michael Kremer waliweza kuwalinganisha waliotibiwa na waliokuwa bado wakingoja zamu yao. Miongoni mwa wanafunzi waliopimwa mwanzoni, zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa na minyoo ya aina moja au nyingine.

Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2004, wawili hao walieleza kuwa utoro ulipungua kwa robo nzima katika shule zilizotibiwa. Waama, wale watoto hawakuhubiriwa bidii, walitibiwa tu. Isitoshe, hata wenzao ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa maambukizi yalipungua mahali walipocheza na kuoga pamoja. Maradhi ya mtoto wa jirani, kumbe, ni yetu pia.

Mgala muue na haki umpe. Mwaka 2015 wachunguzi wengine walizipitia upya hesabu hizo na kuzua mjadala mkali, hasa kuhusu manufaa yaliyodaiwa kuzifikia shule za jirani. Tena, watafiti wenyewe walikiri kuwa alama za mitihani hazikupanda. Hilo halinikatishi tamaa. Afya humfikisha mtoto darasani; kumwelimisha akishafika ni kazi yetu. Na walipofuatiliwa kwa miaka 20, waliopata dawa kwa miaka mingi zaidi walionekana, katika matokeo ya mwaka 2021, kupata kipato cha saa kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 13.

Lakini funzo linalonigusa zaidi linahusu pesa. Mwaka 2001 wazazi wa baadhi ya shule hizo walitakiwa kuchangia sehemu ndogo ya gharama ya dawa. Dawa ilipotolewa bure, watoto 75 katika kila 100 waliimeza. Palipotozwa ada, ni 18 tu. Na waliolipiwa hawakuwa wale waliougua zaidi. Kiasi ambacho mwenye nacho hakihesabu kilitosha kumfungia mlango maskini.

Hapa ndipo ninapowaomba walimu wenzangu na kamati za shule watafakari. Ada ya masomo katika shule za msingi za umma iliondolewa mwaka 2003, ilhali michango ya chakula, ya mitihani na ya ujenzi ingali inadaiwa katika shule nyingi. Mtoto asiyelipa hurudishwa nyumbani, kisha siku hizo hizo huhesabiwa dhidi yake. Je, ni nani mtoro hapo: mtoto, au sisi tuliomfukuza?

Wapo watakaonikumbusha kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli, lakini yatupasa kwanza tujue mwana analilia nini. Napendekeza kila mwalimu wa darasa aandike kando ya jina la asiyefika sababu ya kukosa kwake: homa, njaa, kulea mdogo wake, mchango. Mwishoni mwa muhula, daftari hilo lisomwe mbele ya wazazi, bila kutaja jina la mtoto yeyote. Kamati ikishajua ni siku ngapi zimepotea kwa ajili ya mchango fulani, itakuwa vigumu kuuita mchango huo mdogo. Dawa nazo zitolewe bila malipo na ziandamane na vyoo na maji safi, maadamu aliyetibiwa leo aweza kuambukizwa tena kesho.

Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu anayesinzia. Huenda damu imempungukia, wala si akili. Mtihani wa taifa huwapa nyote karatasi moja, lakini hauulizi nani aliufikia akiwa mzima na ameshiba. Swali hilo ni letu kuliuliza, na wakati wa kuliuliza ni kabla ya kuandika neno mtoro.