Kifafa: munganga anahitaji macho yako

Mwezi huu tuongee juu ya ugonjwa ambao katika malupango mengi unafichwa nyuma ya mlango. Mtoto anaanguka, anatetema, povu linatoka kinywani. Majirani wanakimbia. Wengine wanasema, "Ni bulozi." Jamaa inaanza kushtakiana. Mtoto mwenyewe anaachishwa masomo, anafungiwa nyumbani, na siku moja anaangukia mbabula yenye moto. Kumbe dawa ya kifafa iko, tena ni kati ya dawa za bei ndogo.

KIFAFA NI NINI?

Ubongo wetu unatumika kwa umeme mdogo sana unaopita kati ya seli zake. Kama seli nyingi zinatoa umeme kwa mara moja bila utaratibu, mtu anapata krize. Krize moja peke yake haitoshi kuitwa kifafa. Kwa kawaida waganga wanasema ni kifafa wakati krize zimerudia mara mbili ao zaidi, kwa siku mbalimbali, bila homa ao sababu nyingine ya karibu.

Kifafa kinaweza kutoka kwa mambo mengi: mtoto aliyekosa pumzi wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda ku kichwa, meninjite, pigo kubwa la kichwa. Hata mayai ya mnyoo tenia, yanayotoka katika choo cha mtu na kuingia kinywani kwa mikono michafu ao mboga zisizosafishwa, yanaweza kuleta minyoo midogo katika ubongo. Mara nyingi sababu haionekani. Lakini jambo moja ni hakika: kifafa hakiambukizwi. Mate ya mgonjwa hayaambukizi, wala sahani yake, wala kitanda chake.

MASHINE HAITOSHI

Watu wengi wanafikiri kwamba munganga anahitaji mashine kubwa ili ajue kifafa. Ni kweli, kuna mashine inayoandika umeme wa ubongo. Mjerumani Hans Berger aliuandika umeme wa ubongo wa mtu kwa mara ya kwanza katika mwaka wa 1924. Mashine hiyo inasaidia, lakini inapatikana paka katika hopitali chache za miji mikubwa. Tena, mtu anaweza kuwa na kifafa na karatasi ya mashine ikatoka safi.

Kitu cha kwanza ambacho munganga anatafuta ni habari ya namna krize ilivyopita. Na habari hiyo mgonjwa mara nyingi hana, sababu alipoteza fahamu. Ni wewe uliyeona. Basi usimtume mgonjwa peke yake ku dispanseri. Aende na mtu aliyekuwa karibu naye: mama, yaya, mwalimu, rafiki wa kazi. Kama mtu ana telefoni yenye kupiga video na mgonjwa yuko salama, achukue video ya krize ili munganga aione.

Angalia mambo haya na uyaandike:
– Alikuwa anafanya nini mbele ya kuanguka? Alisikia harufu ya ajabu ao tumbo kupanda?
– Mwili wote ulitetema, ao mkono mmoja tu? Ulianzia wapi?
– Ilichukua dakika ngapi kwa saa, si kwa kukisia?
– Alijiuma ulimi? Alijikojolea? Alilala ao kuchanganyikiwa kisha?
– Alikuwa na homa? Alikunywa pombe? Alikesha usiku?

Majibu haya yanatenganisha magonjwa. Kijana aliyesimama juani bila kula, akafifia, akaanguka, na akaamka upesi na akili timamu, pengine alizimia tu. Mtoto mdogo aliyetetema na homa kali, homa yake itafutwe upesi: inaweza kuwa malaria ao meninjite, na hapo ni mbio ku hopitali siku ile ile. Na kuna mtoto ambaye haanguki kamwe. Anaacha kusoma katikati ya neno, anakaza macho kwa sekunde chache, kisha anaendelea. Mwalimu anamwita mvivu, kumbe inaweza kuwa namna moja ya kifafa.

DAWA NI YA KILA SIKU

Fenobarbital inatumika kwa kifafa tangu mwaka wa 1912. Kuna pia karbamazepine na nyingine. Munganga anaanza na dawa moja, kwa kipimo kidogo, anapandisha polepole. Wagonjwa kama saba katika kumi wanaweza kuishi bila krize kama wanapata dawa inayofaa na wanaimeza vizuri. Valproate inaweza kuharibu mtoto tumboni. Msichana ao mama anayeweza kuzaa aongee na munganga mbele ya kuimeza, lakini asiache dawa yake mwenyewe kwa woga.

Hapa ndipo jamaa nyingi zinapopotea. Mtoto anakaa miezi mitatu bila kuanguka, baba anasema, "Amepona, tuache kununua kinini." Lakini kuacha kwa ghafula kunaweza kurudisha krize kali, zinazofuatana, hata kuua. Kwa kawaida ni kisha miaka miwili hivi bila krize ndipo munganga anafikiri kupunguza dawa, na anapunguza polepole. Basi fuata dawa nyingine mbele ya kopo kuisha. Mkienda kuombea mgonjwa, mwende na kinini zake. Asifungwe kamba, asinyimwe chakula, asikeshe usiku mzima, maana kukosa usingizi kunaita krize.

AKIANGUKA MBELE YAKO

Ondoa moto, mawe na vyuma karibu naye. Weka nguo laini chini ya kichwa. Usitie kijiko wala kidole kinywani. Usimshike kwa nguvu, usimnyweshe kitu. Kutetema kukiisha, mlaze kwa ubavu na ukae naye mpaka aamke vizuri. Kama krize inapita dakika tano, ao nyingine inaanza mbele hajaamka, mpeleke hopitali.

Na ninyi vijana wa machimbo: mwenye krize asishuke katika shimo, asipande juu, asiendeshe mashine wala motokari, asioge peke yake mtoni. Haina maana hawezi kazi. Anaweza kushona, kufundisha, kuuza, kutengeneza radio. Anaweza kuoa na kuolewa.

Mzazi, kama katika lupango lako kuna mtoto aliyefungiwa chumbani, wiki hii mtoe. Mpeleke ku dispanseri pamoja na mtu aliyeona krize na karatasi yenye majibu. Kisha ongea na mwalimu wake, umwonyeshe namna ya kumlaza kwa ubavu, na mtoto arudi masomoni.